Jua la Ngara Si Joto la Dar

Ushauri wa kutunza ngozi unaosambaa kwa Kiswahili, iwe redioni, kwenye video za simu au mdomoni mwa msusi wa saluni, umetungwa kwa ajili ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Huko mwezi Februari mtu hutoka bafuni, akajifuta, na kabla hajafunga vifungo vya shati ameshaloa tena. Hewa imeshiba unyevu, jasho halikauki, poda inaganda usoni na wanja unashuka mashavuni kabla bibi harusi hajafika ukumbini. Mawaidha yanayotokana na hali hiyo yana mantiki yake: punguza mafuta, nawa uso mara kwa mara, chagua losheni nyepesi, paka fandesheni kavu isiyong'aa, malizia na poda. Shida inaanza pale mawaidha hayohayo yanapopita Kahama na Nyakanazi, yakafika Lusahunga, kisha yakapokelewa Biharamulo mjini au Ngara bila kubadilishwa hata neno. Katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Kagera, adui mkubwa wa ngozi si joto wala unyevu. Ni mwanga wa jua katika hewa ambayo haichomi, pamoja na ukavu wa kiangazi. Nitakwenda mbele zaidi na kusema kwamba kosa hili la kuchukulia jua kama joto ni mojawapo ya njia zinazowafikisha watu kwenye mkorogo, yaani krimu za kujichubua.

Tutazame kwanza hali ya hewa yenyewe. Ngara na Biharamulo ziko kwenye nyanda zenye mwinuko wa kati ya mita 1,100 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo joto la mchana kwa siku nyingi za mwaka halifiki nyuzi 30, na usiku blanketi linahitajika. Kagera haina hali moja. Bukoba na ufuko wa Ziwa Victoria hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, lakini ukiingia bara kuelekea mito ya Kagera na Ruvubu kiasi hicho hushuka hadi karibu nusu, na kati ya Juni na Agosti mvua hukatika. Hicho ndicho kiangazi cha asubuhi zenye baridi, mchana mkavu, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi jekundu linaloinuka nyuma ya kila lori. Malalamiko ya watu hufuata kalenda hiyo. Pwani mtu hulalamikia harara, jasho na fangasi wa mapajani. Ngara mwezi Julai hulalamikia ngozi iliyopauka, midomo iliyopasuka na magaga kisiginoni. Jasho lipo pia, ila hewa kavu hulinyakua mara tu linapotoka, hivyo mtu hajioni ameloa na hadhani amepoteza maji. Anayeambiwa apunguze mafuta na anawe uso mara nne kwa siku katika hewa ya namna hiyo anaelekezwa kuongeza tatizo alilonalo.

Hayo ni ya ukavu. Jambo zito zaidi ni jua, na hapa ndipo hisia za mwili zinapomdanganya mtu. Wilaya hizi ziko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, na miezi mingine haliendi mbali sana. Mwinuko nao unaongeza: kwa kila mita 1,000 za kupanda, miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Katika kipimo cha miale hiyo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, 3 ni mwanzo wa kuhitaji kinga na 11 kwenda juu ni ukali uliokithiri. Kwenye nyanda za Ikweta, mchana usio na mawingu hupita 11 bila shida. Mawingu mepesi hayasaidii sana, maana sehemu kubwa ya miale hiyo hupenya. Lakini ngozi haina namna ya kuihisi. Kinachohisiwa ni joto, na joto na miale hii ni vitu viwili. Dar es Salaam joto lenyewe humfukuza mtu akakimbilia chini ya mwembe. Ngara upepo wa mlimani humpoza mkulima wa kahawa na maharage akabaki shambani kutwa nzima akidhani jua ni la kawaida. Kwa maneno mengine, Pwani ina kengele ya kumwonya mtu, na huku nyanda za juu kengele hiyo haipo.

Hata saa ya ukutani inachangia upotofu huu. Saa za Tanzania hupimwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini kwetu, ilhali Ngara iko karibu nyuzi 31. Kila nyuzi moja ni dakika nne za safari ya jua, kwa hiyo Ngara iko nyuma ya saa yake kwa takriban saa nzima. Jua huwa juu kabisa karibu saa saba mchana. Februari husogea hadi saa saba na dakika 10, mwanzoni mwa Novemba hurudi hadi saa saba kasoro dakika 20. Dar es Salaam jambo hilo hutokea kama nusu saa mapema. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, saa inarudi nyuma kwa saa moja na jua linabaki palepale, hivyo ng'ambo ya mto wanasoma saa sita kamili huku upande wetu tukisoma saa saba. Haya si mambo ya wanajiografia peke yao. Watu wengi husema saa tisa alasiri jua limepoa. Kwa Ngara na Biharamulo, jua la saa tisa lina nguvu sawa na la saa tano asubuhi, kwa sababu kila moja liko saa mbili kutoka kilele. Kipindi cha kujihadhari kinaanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Asubuhi kabla ya saa nne, kwa upande mwingine, ni salama kuliko wengi wanavyodhani, na mwenye palizi ya kufanya ana faida ya kuanza mapema. Asiye na saa atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko urefu wake, jua lina nguvu ya kudhuru.

Hapa atainuka mtu na kusema kwamba ngozi nyeusi iliumbwa kwa ajili ya jua hilohilo, na kwamba losheni ya jua ni bidhaa ya Wazungu. Pingamizi hili lina ukweli mwingi na halifai kupuuzwa kama wanavyolipuuza wauza losheni. Mwaka 1979 watafiti wakiongozwa na Kaidbey huko Philadelphia walipima tabaka la juu la ngozi nyeusi na nyeupe, wakakuta ngozi nyeusi ina kinga ya wastani wa 13.4 dhidi ya miale inayounguza, na nyeupe 3.4. Miale inayofika tabaka la chini katika ngozi nyeupe ilikuwa mara tano hivi ya ile inayofika katika ngozi nyeusi. Kinga hiyo ni melanini, haiuzwi dukani na haioshwi na jasho. Saratani ya ngozi inayosababishwa na jua ni adimu miongoni mwa weusi, na kumwambia mama wa Nyakahura, Biharamulo, anunue chupa ya losheni ili kuepuka saratani hiyo ni kumtia hasara bila sababu. Nakubali yote hayo. Lakini melanini inakinga kwa kujiongeza, na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Ngozi nyeusi ikipigwa na jua kwa muda mrefu hujibu kwa kuzidi kuwa nyeusi, tena bila usawa: paji la uso, mashavu, juu ya mdomo, kovu la chunusi la mwezi uliopita. Mimba na baadhi ya dawa za uzazi wa mpango huongeza uwezekano wa madoa hayo. Wala si urujuanimno peke yake. Madaktari wa Henry Ford Hospital huko Detroit walionyesha mwaka 2010 kwamba hata mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, huacha weusi mzito unaokaa muda mrefu kwa watu wenye ngozi ya rangi, ilhali kwa weupe waliopimwa haukufanya hivyo. Melanini basi inatukinga na saratani, na gharama ya kinga hiyo ni madoa. Wengi wetu hatufi kwa jua. Tunachukizwa na madoa, na tukishachukizwa tunatafuta dawa.

Dawa inayopatikana upesi ni mkorogo. Mwaka 2011 Kelly Lewis na wenzake walichapisha utafiti wa mahojiano na wanawake 42 wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichubua, na jibu mojawapo linafaa kuzingatiwa na kila anayehubiri kwamba wanaojichubua wanataka tu kuwa Wazungu. Hao walikuwamo, na waliotaka kuwaridhisha wanaume walikuwamo. Lakini wengine walianza ili kuondoa chunusi na vipele, wengine walitaka ngozi laini, na wengine waliendelea kujichubua ili kuficha uharibifu wa kujichubua kwenyewe. Mlango wa kuingilia ulikuwa tatizo dogo la ngozi ambalo halikupata jibu lingine. Katika nyanda za juu tatizo hilo dogo hutengenezwa na jua kila mchana. Mtu anapaka krimu, doa linafifia, kisha anatoka nje na ngozi iliyopunguziwa kinga chini ya jua la kipimo cha 11. Doa linarudi likiwa jeusi zaidi, naye anaongeza dozi. Mkorogo kwa mkazi wa Ngara una ubaya wa ziada kuliko kwa mtu anayefanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi Posta ya Dar: huku anauvua mwili kinga yake mahali inapohitajika zaidi.

Kilichomo ndani ya vikopo hivyo kinajulikana, na ushahidi wake si mpya. Steroidi kali, ambazo zimekusudiwa kutibu maradhi ya ngozi kwa muda mfupi chini ya uangalizi wa daktari, hukondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana, huleta michirizi isiyofutika na chunusi zinazorudi kila unapoacha kupaka. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka huweza kuleta weusi wa rangi ya buluu unaozama ndani ya ngozi na hautoki. Jambo hilo lilielezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliwachunguza wagonjwa 60 wenye ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili, wakakuta zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hii ni miaka zaidi ya 50 iliyopita, jirani kabisa na sisi. Kwa Biharamulo kuna kinaya kinachostahili kutajwa. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya ukanda wa Ziwa, Biharamulo ikiwamo, wachimbaji wamekuwa wakionywa mara nyingi juu ya zebaki wanayoshika kwa mikono na kuichoma ili kupata dhahabu. Onyo hilo ni la haki. Ila mchimbaji akirudi nyumbani anaweza kuikuta zebaki ileile kwenye kikopo juu ya kabati, ikipakwa usoni na mke wake mjamzito, na hapo hakuna bango wala semina. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013, unagusa vyote viwili, machimbo na vipodozi, na uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni.

Sheria za nchi hazina upungufu wa maneno. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku Tanzania, na mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS. Rwanda nayo ilianza msako mkali wa krimu hizi mwishoni mwa 2018. Lakini Ngara ina mpaka na nchi mbili, ina njia rasmi za Rusumo na Kabanga, na ina njia za miguu zisizohesabika. Kikopo cha krimu kinaingia mfukoni. Sitarajii askari wa forodha amalize tatizo ambalo mzizi wake uko kwenye kioo cha nyumbani. Marufuku inapunguza bidhaa sokoni, na hilo ni jema, ila haimpi mtu jibu la doa lake. Jibu ni kulizuia doa lisitokee, na hapo tunarudi kwenye kuzoea jua lilivyo hapa.

Kinga ya kwanza ni ya bei ndogo na wazee waliijua. Kofia pana ya ukili, mwavuli ambao mabibi wa Kagera huubeba kiangazi na masika, kitenge kilichotupwa kichwani, mikono mirefu shambani, kivuli cha mgomba saa za kilele: vyote hivi huzuia miale kuliko losheni iliyopakwa kwa ubahili. Nasema ubahili kwa sababu losheni ya jua hupimwa maabara kwa kupakwa nzito, na ikipakwa nyembamba ili chupa ifike mwisho wa mwezi, namba iliyoandikwa kwenye chupa hubaki kuwa maandishi tu. Mwenye uwezo wa kuinunua aitumie usoni na shingoni, na ajue jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: losheni ya jua isiyo na rangi haizuii vizuri ule mwanga wa kawaida unaotia madoa. Kinachouzuia ni rangi yenyewe, hasa oksidi ya chuma, ambayo ndiyo inayoipa fandesheni wekundu na ukahawia wake. Kwa hiyo fandesheni inayolingana na rangi ya ngozi, ambayo wengi huiona anasa, ni kinga halisi dhidi ya madoa, na losheni ya jua yenye rangi ya kahawia ni bora kuliko ile nyeupe inayomwacha mtu na uso wa majivu. Hapo vipodozi na kinga vinakutana.

Kuhusu ukavu, marekebisho yanaanzia kwenye sabuni. Nyumba nyingi huogea sabuni ya mche, ileile ya kufulia, ambayo ni kali na huondoa mafuta ya asili ya ngozi pamoja na uchafu. Mwenye uwezo wa sabuni laini aitumie. Asiye nayo aelekeze ile kali kwapani, miguuni na sehemu zenye uchafu, na uso aunawe kwa maji asubuhi na kuutakasa kwa sabuni mara moja jioni, baada ya vumbi la siku nzima. Kisha yanafuata mafuta, na wakati wa kuyapaka una maana kuliko bei yake: ndani ya dakika chache za kutoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta ya mgando, yanayodharauliwa na washauri wa mjini kwa kuwa mazito, ni miongoni mwa vitu vinavyozuia vizuri kabisa maji yasitoke mwilini. Pwani yanaweza kuziba jasho na kuleta harara. Ngara mwezi wa saba ndiyo kazi yake hasa. Mafuta ya mawese na ya mise kutoka Kigoma, ya nazi yanayofika kwa chupa, na glisirini iliyochanganywa na maji, vyote vinafaa mwilini. Wafugaji wa eneo la Maziwa Makuu walijipaka samli zamani kabla ya duka la kwanza kufunguliwa, na hawakuwa wakikosea hali ya hewa. Tahadhari ni usoni: mafuta mazito kwenye paji la uso na kwenye mstari wa nywele huleta vipele kwa wenye ngozi ya mafuta, na chunusi ikiacha doa tumeshaona safari inakoishia. Mwili upakwe kwa ukarimu, uso kwa kiasi.

Mapambo ya uso ndipo ushauri wa Pwani unapoumbuka hadharani. Bibi harusi wa Agosti hupambwa kwa fandesheni kavu kabisa, tabaka juu ya tabaka, kisha poda nzito, kama alivyofundishwa mpambaji aliyepata mafunzo Mwanza au Dar. Saa ya kwanza anapendeza. Kufika saa ya tatu, baada ya safari ya gari katika vumbi na upepo, fandesheni imepasuka pembeni mwa midomo na chini ya macho kama tope la bwawa lililokauka, na picha zinaonyesha hivyo. Dawa yake si kuongeza poda. Ngozi ilainishwe kwanza kwa losheni au matone machache ya mafuta, iachwe dakika 10 inywe, fandesheni ya majimaji ipakwe nyembamba na kusambazwa kwa sponji yenye unyevu, na poda iguse tu paji la uso, pua na kidevu. Rangi ya mdomo ya kukauka, inayopendwa kwa kuwa haihami, kiangazi hupasua midomo. Yenye mafuta inahitaji kurudiwa baada ya kula, lakini mdomo unabaki mzima. Poda ya mtoto shingoni na kifuani, ambayo Pwani hufyonza jasho, huku hubaki juu ya ngozi kavu kama unga na haina kazi. Naomba wapambaji wanisamehe, kwa maana ujuzi wao wa mikono siutilii shaka. Ninachopinga ni kutumia kanuni moja kwa hewa mbili.

Lipo pingamizi la pili lenye uzito: kwamba nimezifanya wilaya hizi kavu na za baridi kuliko zilivyo. Ni kweli Biharamulo ni ya chini kuliko Ngara na ina joto zaidi, hasa upande wa Ziwa Burigi. Ni kweli pia masika na vuli huleta wiki za hewa nzito, na kwamba ndani ya shimo la mchimbaji, jikoni kwenye kuni na ndani ya kofia ya dereva wa bodaboda kuna joto na unyevu wa kutosha kuzaa harara na fangasi hata mwezi wa Julai. Hao ushauri wa Pwani unawafaa: nguo za pamba, kukausha mikunjo ya mwili, mafuta mepesi, kuvua kofia na kuianika. Jambo hili halivunji hoja. Linaibana tu iwe sahihi zaidi. Msingi wa kutunza ngozi uwe hewa iliyopo siku hiyo na kazi anayofanya mtu, na kipodozi cha Aprili kisiwe kile cha Julai. Anayekaa nchi ya misimu miwili ya mvua na kiangazi kirefu katikati ana haki ya kuwa na vikopo viwili, au kikopo kimoja anachokipaka kwa kiasi tofauti. Wapo pia wanaohofia kwamba kukwepa jua kutawanyima watoto vitamini D. Jua la Ikweta kabla ya saa nne, kwenye mikono na miguu iliyo wazi, linatosha kwa maisha ya kawaida ya huku. Hakuna anayependekeza watoto wafungiwe ndani.

Wako watu ambao haya yote kwao si suala la urembo. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango cha juu sana kikilinganishwa na cha nchi nyingi, na ukanda wa Ziwa ni miongoni mwa maeneo waliko wengi. Ngozi yao haina kinga ile ya 13.4. Nilichosema juu ya saratani kuwa adimu hakiwahusu: kwao saratani ya ngozi ni tishio la maisha, na huanza kujengeka tangu utotoni, darasani na kwenye paredi ya shule. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwapo tangu 1992, hutengenezwa losheni ya jua ya Kilisun mahsusi kwa ajili yao, na imekuwa ikigawiwa katika mikoa mbalimbali. Tukio moja la mwaka, kama Siku ya Ualbino ya Juni 13, halimkingi mtoto na jua la siku nyingine 364. Na Juni yenyewe ndiyo mwanzo wa kiangazi, mawingu yakishaondoka.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwanza kwa halmashauri za Ngara na Biharamulo. Shule ziruhusu kofia pana na mikono mirefu kwa mtoto yeyote mwenye ualbino bila barua wala ubishi, na michezo na paredi zisipangwe kati ya saa nne na saa kumi. Losheni ya jua ihesabiwe kuwa dawa kwa watoto hao na iagizwe na hospitali za wilaya kama zinavyoagizwa dawa nyingine. Kliniki za wajawazito, ambako tayari akina mama wanasikilizwa na kupimwa, ziulize swali moja zaidi: unapaka nini usoni? Ofisi za biashara zikikagua maduka ya vipodozi ziangalie vikopo visivyo na orodha ya viambato, maana huko ndiko zebaki hujificha. Na wewe msomaji, kabla hujanunua krimu ya kuondoa doa, soma kilichoandikwa nyuma ya kikopo; usipokuta orodha, au ukikuta zebaki, haidrokwinoni au jina linaloishia na "-sone" au "-sol", kirudishe. Pesa hiyo inatosha mwavuli.